Kamba Nyeupe za Afisa

Hebu mwone Afisa, ndilo jina lake wala si cheo, anavyofika. Pikapu ya mizigo kutoka Koboko inasimama kando ya uwanja wa tamasha, Arua mjini, na kabla hujamwona yeye unavisikia vibuyu vyake vya kunywea, vimefungwa kwenye nyavu, vinagongana ko-ko-ko. Kisha anashuka mwenyewe, mama wa makamo, mtandio wa kijani, na kovu refu toka sikioni mpaka kidevuni. Kovu hilo alilipata utotoni. Aliangusha kibuyu, kikapasuka, na baba yake, mwanajeshi, akavua mkanda akampiga kwa upande wa chuma. Siku hiyohiyo, damu bado inachuruzika, bibi yake alimkalisha chini akamfundisha kushona kibuyu kilichopasuka kwa sindano nene na uzi mweusi. Kazi hiyo ndiyo imemlisha hadi leo.

Sasa usishangae kwamba watu wa sanaa walimhitaji mshona vibuyu. Mwaka uliopita vikombe vya plastiki viliziba mtaro wa uwanja, mvua ikanyesha, maji machafu yakaingia majumbani mwa majirani. Majirani wakaja na mawe. Mpiga adungu mmoja, kinubi cha huko, alipoteza jicho. Wakaapa kwamba wakiona tena kikombe kimoja cha plastiki, jukwaa watalitia moto.

Celestino, msimamizi wa tamasha, mtu wa Ediofe, hapohapo Arua, akapanda gari mpaka Koboko. "Mama Afisa, unisaidie. Hawa watu wataua sisi."

Afisa akapita mlango kwa mlango kuazima vibuyu vya kunywea badala ya plastiki. Wanawake Wakristo walitoa bila maneno. Wanawake wa Kiislamu walitoa kwa sharti, na Shakira, jirani yake, ndiye aliyelisema wazi: "Kibuyu yangu ikigusa pombe, Afisa, usirudi hapa. Mimi na wewe basi."

"Nimesema haitagusa. Neno yangu iko."

Basi kila kibuyu cha nyumba ya Kiislamu akakitoboa ukingoni, akapitisha kamba nyeupe. Hivyo ni vya maji na uji tu. Visivyo na kamba ndivyo vya kwete, pombe ya mahindi.

Siku ya tamasha ilianza vizuri, nikwambie ukweli. Majirani walewale wa mawe walikuja na makarai yao, wakainama kuosha vyombo huku wakitaniana. "Wewe Alice, mwaka jana ulirusha mawe kama mwanaume, leo unaosha kama bibi harusi!" Mwenye kwete alikuwa Kevina, mama kutoka kijiji cha Ombaci, nje ya Arua, mwenye moyo mwepesi wa kusaidia. Afisa alipokwenda kuswali alasiri, Kevina akaviangalia vile vibuyu vya kamba vilivyooshwa. Kamba zimelowa, zimeshika uji, nzi wamezijaa. Akamwonea huruma mwenzake, asijue kamba hizo zina maana gani. Akachukua kisu, akazikata zote, akazitia mfukoni mwa aproni yake. Vibuyu vikapangwa pamoja, safi, vinang'aa, havitofautiani.

Afisa aliporudi, kelele zilikuwa zimeshaanza.

Yasiri, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amekuja na wapiga ngoma wa Koboko. Alimwona Moris, mtu wa Arua aliyekwisha kulewa, ananywa kwete kwenye kibuyu chenye mshono mweusi katikati. Mshono ule Yasiri aliujua tangu mtoto, akinywea uji humo.

"Hii iko ya mama yangu! Mama yangu Hajati! Nani naweka pombe?"

"Mama yako aje anywe na yeye," Moris akasema, akacheka.

Hakumaliza kicheko. Yasiri aliokota mchi wa kinu akampiga mdomoni. Meno yakaingia ndani ya kwete. Rafiki za Moris wakainua viti. Wapiga ngoma wakaja mbio. Mtu alipasuliwa kichwa, mwingine akakanyagwa tumbo hapohapo kwenye matope ya makarai, na vibuyu vikapondwa chini ya viatu, pah, pah, kama vichwa. Yasiri akaupiga teke mtungi wa kwete, akamshika Kevina kwa nywele, akamwinua mpaka vidole vya miguu vikaiacha ardhi.

"Kamba iko wapi? Nani nakata kamba?"

Mkono wa Kevina ulishuka kuufunika mfuko wa aproni, na Afisa akaona ncha nyeupe inachungulia. Akaelewa yote.

"Mwachie! Ni mimi, shemeji. Mimi nilikata."

Yasiri akageuka. Mchi ukashuka. Afisa aliinua mkono wa kulia, ule wa sindano, na mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Yasiri angeongeza pigo la pili, lakini Alice na majirani walikuja na makarai, wakawamwagia wanaume maji machafu machoni, wakawatenganisha kwa kucha na matusi.

Uwanja ulipotulia, Celestino alipiga magoti kando yake, shati lote damu. "Mama Afisa, hakuna hata kikombe moja ya plastiki hapa."

Afisa akatazama vigae vya vibuyu, akacheka mpaka maumivu yakamnyamazisha.

Alirudi Koboko na plasta mkononi na gunia la vigae. Shakira alimngoja mlangoni. Kibuyu chake kilikuwa kizima. Akakipokea, akakibwaga chini, akakikanyaga mbele ya macho yake. "Umekata kamba kwa mkono yako mwenyewe. Umetuuza." Milango mingine ikafungwa vivyo hivyo.

Kisha Celestino akaja tena. Tamasha lingine linakaribia, majirani wanauliza vibuyu viko wapi, na mawe hayajaisha Arua. Kevina amemtumia ujumbe: waambie ukweli, dada, nitabeba mwenyewe. Lakini Yasiri bado anapita asubuhi na mchi begani, akiuliza kila anayetoka Arua, kwa sababu siku ile macho ya shemeji yake yalimfanya asiamini kwamba ni yeye aliyekata.

Neno moja kutoka kwa Afisa, na milango ya Koboko itafunguka, vibuyu vitatoka. Neno hilohilo litamfikisha Yasiri Ombaci, mlangoni kwa Kevina. Afisa amekaa na sindano mkono wa kushoto, anajifunza upya kushona. Ungekuwa wewe, ungemtaja Kevina?