Puto Lililonaswa kwenye Mkaratusi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1954, nilifika uwanja wa ndege wa Iringa nimevaa viatu vya kuazima, na kazi niliyopewa ilikuwa kumwaga maji. Mkuu wa kituo, Mhehe mmoja mpole aliyenipokea kwa kamwene nyingi, salamu ya kwao, alinikabidhi kipimamvua, chombo cha shaba chenye mdomo mpana. Akaniagiza nisome maji yaliyokusanyika usiku, niyaandike, kisha niyamwage. Nilisoma, nikamwaga, nikasahau kuandika. Akaniambia kwamba kwa serikali mvua ile haikunyesha. Nilidhani ananitania, kumbe wapi! Nilisimamishwa pale mlangoni mpaka saa sita nikitafakari kosa langu.

Nyinyi mnaotazama mvua ya kesho kwenye simu hamwezi kuelewa. Kazi yetu ilikuwa kusoma na kuandika, basi. Joto, mvua, mawingu, upepo. Sikuwa mtaalamu wa chochote. Nilikuwa kijana wa Igowole, baba yangu mkulima wa pareto, na nilichojaliwa ni mwandiko mzuri na Kiingereza cha darasani. Miaka miwili nikaandika hewa ya Iringa bila kusahau tena.

Mwaka 1956 nikahamishiwa Mbeya, na huko ndiko nilikomkuta Mzee Andulile. Cheo chake kilikuwa Mpimaji wa Kwanza. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, koti la kaki vifungo vyote vimefungwa, na kazi ya hewa aliianza kabla ya vita. Juu yake alikuwapo Mzungu mmoja tu, Ofisa wa Hali ya Hewa. Sisi tulimwita Bwana Hewa, naye alijua na hakujali.

Kila siku saa tatu asubuhi tulirusha puto. Lilikuwa jekundu, linajazwa gesi ya haidrojeni, na likiachiwa linapanda kwa mwendo tunaoujua huku upepo ukilisukuma. Mtu mmoja analifuata kwa teodolaiti, yaani darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu, yenye duara mbili za namba: moja ya mwinuko, moja ya mwelekeo. Kila dakika kengele ikilia, anazisoma kwa sauti. Mwenzake anaandika, halafu anapiga hesabu kupata upepo wa kila kimo. Upepo huo ndio aliotajiwa rubani kwenye redio kabla hajavuka milima. Akitajiwa uongo, anaweza kuupiga mlima.

Kwa Mzee Andulile, jicho lilikuwa lake na kalamu ilikuwa yangu. Mwaka mzima sikuwahi kuchungulia kwenye darubini yake. Kumwambia mzee kama yule asogee nitazame na mimi ni sawa na kuingiza mkono kwenye sahani yake.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja ya Juni mwaka 1957, kusi inavuma kwa hasira, tuliachia puto. Halikupanda. Upepo ulilibeba chini chini hadi uzioni, likanaswa kwenye mkaratusi, likabaki pale likitikisika. Nilikuwa nimeketi na karatasi yangu, nikangoja mzee acheke tulete jingine. Kengele ikalia.

"Dakika ya kwanza," akasema, jicho liko kwenye kioo. "Mwinuko arobaini na moja. Mwelekeo mia tatu na kumi."

Mungu wangu! Nilitazama mti, nikamtazama yeye, nikatazama tena mti. Puto lipo pale pale. Dakika ya pili akataja namba. Ya tatu, ya nne, hadi ya kumi na tano, sauti haitetemeki, namba zinapungua vizuri kabisa, kama za puto linalokwenda zake. Ndipo nikaelewa kwamba mzee haoni, na kwamba upepo wa Mbeya ameukariri kichwani miaka ishirini, na huo ndio anaousoma. Sikujua ni tangu lini.

Na mimi nikaandika. Namba zote kumi na tano nikaziandika, kwa mwandiko wangu mzuri. Kisha nikapeleka karatasi chumba cha redio.

Nilitaka kusema. Nilikwenda kwake jioni ile nikiwa nimeyapanga maneno, nikamkuta anaota jua na mkewe, wakanipa kande, nikala, nikaaga. Nimwambie nini? Kwamba hana kazi tena? Miezi ikapita hivyo, kila asubuhi nikiandika ubashiri wa mzee kipofu, na mara nyingi, ajabu, ulikuwa karibu na ukweli. Lakini Agosti, ndege ndogo ya barua kutoka Iringa ilikutana na upepo ambao sisi hatukuutaja. Ilitua kwa kishindo, gurudumu likavunjika, na mwalimu mmoja aliyekuwa abiria akavunjika bega. Siwezi kuapa kwamba ni namba zetu. Siwezi kuapa kwamba sizo. Tangu siku ile nikawa nikisikia ndege inakuja, natoka nje kuitazama mpaka itue.

Oktoba dunia nzima ikashikwa na bumbuwazi: Warusi wamerusha mwezi wa bandia unaozunguka juu yetu. Haukupita muda wakarusha mwingine, na mbwa ndani yake. Pale kituoni hatukufanya kazi siku nzima. Bwana Hewa alisema zamu ijayo ni ya binadamu, na kwamba atatafutwa kijana wa chini ya miaka thelathini, moyo imara, macho makali.

Mzee Andulile alikasirika kweli. Alisema hayo ni mambo ya kikatili, kumtuma kijana mahali ambapo hajui atarudi vipi, na nyumbani ameacha mke mbichi. Waende wazee, alisema. Yeye watoto wake wamekua, kahawa yake inazaa, na anga ameitazama kuliko rubani yeyote. Akikwama huko juu, hakuna mtoto atakayelala njaa. Bwana Hewa akacheka. Mzee hakucheka. Kesho yake akaniita pembeni.

"Mwanangu, niandikie barua," akaniambia. "Kwa wakubwa wa mambo ya anga huko London. Waambie nipo."

Kisha, nasema ukweli wangu, nikaona njia. Niliandika yote aliyoyataka, miaka yake ya kazi, uaminifu wake, hata ile kahawa. Mwishoni nikaongeza mstari wangu: kwamba yuko tayari kupimwa na daktari, macho yake kwanza. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikauruka mstari ule. Alipotia sahihi, kalamu ilianzia nje ya karatasi, ikachora meza.

Barua ilibidi ipitie kwa Bwana Hewa, naye aliisoma akicheka hadi machozi. Alipofika mwisho kicheko kikakatika. Alinitazama, akachukua simu kumpigia daktari wa serikali.

Mzee akaamini amekubaliwa! Jumatatu alikuja amevaa koti lake la kanisani, mkewe amempaka mafuta, njiani anawaambia watu anakwenda kupimwa kwa ajili ya safari. Nilitumwa kufuatana naye, kwa kuwa daktari alikuwa mgeni na hakujua Kiswahili. Hilo sikulifikiria nilipouandika mstari wangu. Nilidhani ukweli utasemwa na mtu mwingine.

Daktari alimulika, akapima, akamulika tena. Kisha akaongea na mimi, si na mzee. Jicho la kulia limekufa. La kushoto linaona kidogo katikati, kama mtu anayetazama ndani ya bomba, na hilo nalo litakwisha. Ni ugonjwa wa presha ya macho, unakula pole pole bila maumivu. Halafu akasema, kwa upole kabisa, kwamba mzee angeletwa miezi sita nyuma, angempa dawa ya matone, na hilo la kushoto lingemfikisha uzeeni.

Nilitafsiri habari ya jicho la kulia. Nikatafsiri ya la kushoto. Nikaishia hapo.

"Amesema na miezi sita," mzee akasema. Kiingereza cha namba alikijua vizuri, alikisoma miaka ishirini. "Miezi sita ni nini?"

Nikamwambia. Aliweka mikono juu ya magoti, akahesabu kurudi nyuma. Ilikuwa Desemba.

"Na wewe uligundua lini kwamba sioni?"

"Juni, mzee. Puto lilinaswa kwenye mkaratusi. Ulikuwa unasoma namba."

"Ukaziandika?"

"Niliziandika."

"Mimi sikuona," akasema. "Wewe uliona, ukaandika."

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Nilimpa mkono kwenye ngazi, akaukataa, akashuka akihesabu vidato kwa mguu. Alistaafishwa mwezi ule ule kwa heshima zote, Bwana Hewa akatoa hotuba nzuri. Mimi nikawekwa kwenye darubini. Nilikwenda kwake Rungwe mara mbili, na mara zote mbili mkewe aliniambia amelala.

Nilifanya kazi hadi miaka ya themanini, Mbeya, kisha Iringa, nikafikia cheo chake. Vijana walionifuata nilikuwa mkali kwao kuliko ilivyostahili. Siku hizi nasikia wazee wanapelekwa juu ya anga, watu wa umri wangu, wanaelea, wanarudi salama, na wataalamu wanazungumza habari za kuwapeleka mbali zaidi. Kwa hiyo Mzee Andulile hakuwa mwehu. Tulimcheka bure. Mimi nasema waende, na ninaowahurumia ni vijana watakaofuatana nao, ambao siku moja itawabidi kumwambia mzee neno asilotaka kulisikia.

Mwaka jana, hapa Iringa, nilikuwa namimina chai mbele ya wageni waliotoka Ilula. Mjukuu wangu Tumaini, msichana asiye na adabu hata kidogo, akanishika mkono. Akasema mbele za watu, "Babu, huoni. Unamwaga mezani." Nilitamani ardhi inimeze. Nilimfokea, nikamwambia mambo ambayo siyaandiki hapa. Alfajiri alikuwa mlangoni na bajaji, akanipeleka hospitali nikiwa nimenuna.

Daktari, binti mdogo tu, alimulika macho yote mawili. Akasema ni presha ya macho, lakini tumewahi, nitatumia matone na nitaendelea kuona.

Nikaanza kulia pale kitini, kwa sauti, mzee mzima. Tumaini akanikumbatia, akawa anamwambia daktari kwamba babu amefurahi sana.