Mishumaa Minne ya Moteri

Mnaoniita Isa Buji bila kujua jina lilikotoka, leo nawaambia mwenyewe, maana aibu ukiisimulia kwa mdomo wako inapungua uzito, na hii yangu nimeibeba tangu miaka ya hamsini, nilipokuwa fundi kijana wa malori pale Mbugangari.

Siku hiyo Mzee Ramazani, muuza vitenge, alikuwa anamwozesha mwanawe Ruhengeri, nikaha baada ya adhuhuri. Alikuwa amenunua gari dogo la mazutu, yaani dizeli, la kwanza la namna hiyo kwangu kuliona (malori yangu yote yalikuwa ya esansi, yaani petroli), na alikuwa anatafuta shofa wa kuliendesha. Kazi hiyo nilikuwa naitaka kuliko chakula. Asubuhi akaniita: gari linatetemeka. Nikalikuta mbele ya baraza yake, ralanti yake (yaani mngurumo wa moteri, ndiyo injini, gari likiwa limesimama na hujakanyaga kitu) inakwenda tu-tu-kho, tu-tu-kho, vioo vinacheza, na mafundi cherehani wa baraza ya jirani wameacha kushona wanatazama.

"Isa, moteri ya mazutu unaijua?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipojiponza. "Sijui" moja tu ingeniokoa. Nikasema, "Naijua muzuri, Mzee," nikainamisha sikio kama daktari, nikatangaza: "Ni buji. Buji yote ine imekufa. Mulete mupya."

Sasa nieleze taratibu, na msione haya kama hamjui, mimi nilikuwa fundi na sikujua. Moteri ya esansi ina buji, kile kidude kinachotoa cheche. Ya mazutu haina haja ya cheche: inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto mkali, mafuta yakirushwa humo yanawaka. Kwa hiyo nilipofungua kapo, kile kifuniko cha moteri, nikatafuta waya za buji, nikatafuta, nikahamia upande wa pili, nikajifanya napangusa vumbi, hakuna.

Wakati huo dada yake Mzee, Mama Zainabu, alikuwa ameshakimbilia dukani. Akarudi anahema, akaweka kifurushi cha gazeti juu ya moteri, kando ya chujio la mafuta, akakifungua. Mishumaa minne. (Kwetu buji ni mshumaa pia, na mambo ya magari yeye hakuwa na habari nayo.)

"Nimeleta ya munene," akasema, "ile ya kidogo inaisha mbio."

Juma, mmoja wa wale mafundi cherehani, akapaza sauti: "We Isa, umekuwa padiri? Gari unaitengeneza ao unaisomea misa?"

Mwenye akili angekiri hapo. Mimi nikakumbuka maneno ya dereva mmoja wa Bukavu: moteri ikiwa inaunguruma, legeza nati ya kila bomba la mafuta, moja baada ya nyingine, ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, ugonjwa uko hapo. Maneno ya kweli kabisa. Ila alisema ulegeze kidogo sana, na ufunike kwa kitambaa, na mimi nikazungusha kama nafungua chupa. Mzee alikuwa ameinama asikilize, ndani ya kanzu yake nyeupe ya harusi. Mazutu yakaruka tsssi, yakamchora kutoka bega mpaka bega. Moteri ikazima.

Wauza samaki waliokuwa wanapanda kutoka ziwani wakatua vikapu ili wacheke vizuri. Nilitamani Nyiragongo, mlima wetu wa moto, iwake saa ile ile, watu wapate kingine cha kutazama.

Mzee hakufoka. Alijitazama kifuani, akanitazama mimi. "Bon. Ruhengeri nifike na miguu?"

Mama Zainabu akakusanya mishumaa yake kwa hasira, akasita. "We Isa, mazutu umemwaga huku. Sababu gani gazeti yangu inalowana kule?"

Kweli, gazeti lilikuwa limelowa chini, upande wa chujio. Nikapitisha kidole: maungio ya bomba yamelegea, yanadondosha tone moja moja. Na pale mafuta yanapotokea moteri ikiwa imelala, hewa huingilia hapo hapo ikiwa imeamka, na mazutu yenye mapovu ndiyo yanayoikohoza. Nikakaza pale, nikaikaza na ile nati yangu ya balaa, nikasukuma pampu ndogo ya mkono iliyokuwa pale pale kando ya chujio mpaka mapovu yakaisha, nikawasha. Ikatikisika mara mbili, ikatulia, ikanguruma kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Mzee akaazima kanzu ya Juma, ambaye ni mfupi, ikamwishia chini kidogo ya magoti, akapanda kiti cha nyuma. "Ingia, endesha. Lakini kwanza uniambie: kitu haukijui, unasema nini?"

"Sijui, Mzee."

"Sema tena, wasikie na hawa ba samaki."

Nikasema tena, kwa sauti. Adhuhuri ilitukuta Ruhengeri, na nikamwendesha Mzee miaka tisa. Tangu siku hiyo, mlio nisioujua naanza kuutafuta kwa macho, kisha kidole, spana mwisho kabisa, na "sijui" yangu naitanguliza bila haya. Nanyi fanyeni hivyo, haiumi.

Nilipooa mimi, Mama Zainabu aliniletea zawadi iliyofungwa katika gazeti kuukuu lenye doa la mafuta. Alikuwa ameitunza mishumaa yote minne.

"Bwana harusi," akasema mbele ya wakwe zangu wote, "moteri ikikataa kuwaka, buji ni hii."