Jirani Aliyempa Mchawi Jina

Jirani yangu mwandishi huanika nguo huku akijisemea, akijaribu sentensi zake. Riwaya yake mpya imechukua hadithi tuliyoisoma sote shuleni hapa Uskochi, ya mchawi asiye na jina, ikamwita Elspet, mkunga aliyechomwa moto kijijini kwetu. Jumapili aliisoma ukumbini kwa sauti yake ya chini, vidole vikisugua ukingo wa meza. Mzee Murdo, wa ukoo wa hakimu aliyemhukumu Elspet, akadakia, "Wee mama, babu zetu walikuwa wauaji?"

"Walikuwa waoga, Murdo. Na Elspet ndiye aliyewazalisha wake zao. Niendelee, nisiendelee?"

Murdo akavua kofia. "Endelea. Ila paza sauti, mpaka huku nyuma tumsikie Elspet."

Jirani yangu akanyoosha mgongo, akasoma hadi mwisho, nasi tukainuka vitini, tukamsikiliza tukiwa tumesimama.