Jioni Walipokula kwa Winifrida

Alasiri ilipolegea na vilima vya upande wa Burundi vikaanza kugeuka rangi ya moshi, Winifrida alisimama nyuma ya nyumba yake, Heru Juu, akilitazama shamba la bondeni kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua wote. Matuta ya maharage yalikuwa yamelala kwenye mteremko. Mihogo ilitikisika kidogo bila upepo, au labda yalikuwa macho yake. Zilikuwapo siku alizohisi kwamba akiliita jina la marehemu mumewe, Venanti, angetokea katikati ya migomba na panga lake mkononi, amuulize kuna nini. Hakuwahi kuita. Mwalimu mstaafu haiti wafu majirani wakisikia.

Shamba lile Venanti alilitoa kwa kikundi cha kijiji kabla hajafariki. Wanakikundi walililima pamoja, kwa samadi na majani yaliyooza, wakipanda maharage ya rangi rangi waliyoachiwa na bibi zao, ili chakula cha Heru Juu kitoke Heru Juu. Kilichowashinda ni fukusi. Kila msimu mbegu zilitobolewa magunini, na watu wakarudi kununua za dukani, zile ambazo ukizipanda mara ya pili hazikupi kitu. Ndipo wakaamua kuandaa chakula cha jioni. Wangewaalika watu wa Kasulu mjini, wafanyabiashara na wakufunzi wa chuo cha ualimu, waje wale mazao ya shamba na wachangie ujenzi wa ghala la mbegu.

Ubishi ulikuwa juu ya mahali pa kulia chakula.

"Ukumbi wa parokia upo," alisema Tharsisi, mwenyekiti wa kikundi, akitazama vidole vya miguu yake.

"Wataliwa na mbu huko," alisema Winifrida. "Shamba liko chini ya uwanja wangu. Mgeni alishwe pale chakula kilipoota."

Hakuna aliyembishia, maana nusu ya waliokaa pale aliwafundisha kusoma. Lakini hakuna aliyeitikia kwa sauti pia, naye alijua kwa nini.

Nyumbani kwake watu hawakuwa wakila. Zamani, mama mkwe wake angali hai, baba yake Tharsisi alipita pale akitoka sokoni na jua kali. Akakaribishwa mtobe, yale maji matamu ya ndizi mbivu zinazokandwa kwa manyasi, kabla hayajachachuka. Mama mkwe alionja kwanza, ndivyo desturi ilivyo: mwenye nyumba hunywa funda la mwanzo mbele ya mgeni, kisha mgeni hupokea. Mzee akanywa, akashukuru, akaondoka. Alianguka njiani kabla hajafika kwake. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka kwa shinikizo la damu. Kijiji kilisema lake: sumu.

Tangu hapo watu waliingia uwanjani, wakasalimia kwa heshima zote, wakapokea kikombe na kukiweka chini ya kiti. Walipoondoka Venanti alivimwaga vikombe, bila neno, kwenye mti wa kahawa uliokuwa kando ya mlango. Mti huo ulizaa kuliko miti yote ya jirani.

Winifrida alipobaki mwenye nyumba alikata shauri kwamba yeye haonji. Kuonja, kwa jinsi alivyoona, kulikuwa ni kula kiapo kwa kosa ambalo ukoo haukulitenda. Anayetaka kunywa anywe, asiyetaka apumzike, kiti kipo. Akaishi hivyo, mgongo umenyooka, jina la ukoo limenyooka, na masufuria yake yakizidi kuwa madogo mwaka hadi mwaka.

Leo alikuwa ameazima masufuria ya parokia. Kama wageni wangeinuka na njaa kwenye meza zake, habari ingelala Kasulu usiku huo huo, na kuanzia hapo isingekuwa tena mnong'ono wa Heru Juu.

"Mwiriwe, mama," alimsalimia kwa Kirundi Jeanne Niyubahwe, aliyekuwa akitokea jikoni na mwiko begani. Wazazi wake walitoka Burundi akiwa mtoto mgongoni. Sasa alikuwa raia, na hakuna kikundini aliyemfikia kwa kupika. "Kisamvu kimekubali. Mawese nimeyatia kidogo tu, hawa watu wa mjini matumbo yao ni ya mkate."

"Na maharage?"

"Maharage yanaongea yenyewe." Akasita. "Mtobe nani ataonja?"

"Mtobe nimeukamua mimi. Utamiminwa."

Jeanne alimtazama, akarudi motoni.

Wageni walifika bodaboda kwa bodaboda, vumbi jekundu limewakaa kwenye nyusi. Mzee Khatibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu, alishuka kwa uangalifu akishikilia kofia yake. Alikagua uwanja uliofagiliwa, meza zilizotandikwa majani ya migomba, moshi mwembamba uliokwenda zake juu ya paa, akasema mahali hapa mtu anaweza kusahau madeni. Wakacheka. Wakaketi. Chakula kikapakuliwa: ugali wa muhogo, maharage, kisamvu, ndagala, wale dagaa wa ziwani, malenge yaliyochemshwa na maganda yake.

Lakini hakuna aliyegusa sahani.

Wanakijiji walikaa mikono mapajani. Watu wa mjini, wasiojua lolote, waliwaona wenyeji hawajaanza, na kwa adabu nao wakangoja. Mvuke ulipanda kutoka kwenye sahani, ukapungua. Winifrida alisimama kichwani mwa meza, na ilikuwa kama anaona haya yote kupitia maji: nyuso zilizoelekea chini, mwanga wa dhahabu uliotambaa juu ya majani, nzi mmoja peke yake akitembea mezani bila hofu yoyote. Alifikiri, hivi ndivyo mama mkwe alivyoona mpaka siku yake ya mwisho. Alikaa ndani ya mwanga kama huu, na watu kama hawa, na sahani zilizojaa.

Jeanne akamsogelea sikioni. "Mama, onja."

"Sionji."

"Mimi nimeonja kila kitu tangu asubuhi, nimeshiba mpaka hapa. Lakini mimi si mwenye nyumba."

"Nimesema, Jeanne."

Mzee Khatibu alikohoa. "Samahanini jamani, mie mgeni. Ninyi Wakristo mna mfungo wa jioni?"

Mmoja wa wakufunzi alicheka, akajinyamazisha. Hapo Tharsisi akainuka, na kila mwenyeji akamgeukia. Alikuwa mtu mkubwa, wa sauti ndogo. Alilima na Winifrida bega kwa bega miaka yote hiyo, akila muhogo mbichi pale shambani, lakini katika uwanja huu hakuwahi kutafuna kitu.

"Mwalimu," alisema, "hii mihogo naijua mmoja mmoja. Nimeipanda. Nisingeogopa mihogo."

"Basi kula."

"Nataka kunywa kwanza." Alikuwa anapangusa viganja vyake kwenye suruali, kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Baba alikuwa akisema hakuna nyumba inayokamua mtobe kama hii. Alisema hivyo tangu mimi mdogo, kabla ya yote. Nimezeeka sijaujua. Nikaribishe, mwalimu. Unikaribishe kama tunavyokaribishana."

Hakulitaja kosa lolote, wala uso wake haukuwa na mashtaka. Winifrida aliutafuta mtego katika maneno yale, kama alivyozoea, asiupate. Mtu alikuwa anaomba mlango ufunguliwe, basi, naye alikuwa amesimama upande wa ndani ameshika komeo.

Alikwenda kwenye chungu. Akachota kwa kibuyu kirefu, akarudi mbele ya Tharsisi, akakipeleka mdomoni.

Alikusudia funda moja. Lakini mtobe ulikuwa wa baridi, na ulikuwa na ndizi za bondeni ndani yake, na manyasi, na kitu cha asubuhi alipokuwa bi harusi akifundishwa kukanda mpaka viwiko. Hakuwa amekunywa mbele ya watu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akafumba macho. Akaendelea. Alisikia kwa mbali mtu akiguna, na bado akaendelea.

"Mwalimu," ilisema ile sauti ndogo, "tuachie."

Kicheko kilianzia kwa Jeanne, kikapita mezani kama moto wa nyasi. Winifrida alifuta midomo kwa kiganja, jambo ambalo darasani angemkemea mtu, akampa Tharsisi kibuyu. Yeye akakitazama kidogo, akanywa mpaka chini. Aliposhusha alikuwa na mstari wa utamu juu ya masharubu, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Hakudanganya," alisema.

Mikono ikaenda kwenye ugali. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kungoja. Mzee Khatibu alirudia kisamvu, akakirudia tena, akamwambia Jeanne kwamba bati za ghala ziko juu yake na asiulizwe kama mawese yamemzidi. Wakufunzi wakasema saruji. Mtu akasema atatoa fundi, na fundi mwenyewe alikuwa ameketi pale, akalalamika mdomo umejaa.

Giza lilikuwa linaanza tu kukusanyika chini ya migomba Tharsisi alipomjia Winifrida na kidumu kidogo mkononi.

"Nitilie kidogo, mwalimu," alisema. "Nimpelekee mama."

Mama yake, mjane wa yule mzee, hakuwa akitoka tena ndani siku hizo. Winifrida alichota polepole, akamimina bila kumwaga hata tone, akafunga kifuniko, na kabla hajakiachilia kidumu akauliza kama mama yake bado anapenda mtobe uliochujwa mara mbili.

"Sijui," alisema Tharsisi. "Nitamuuliza."

Akateremka nacho, akikikumbatia kifuani. Winifrida alilifuata shati lake jeupe kwa macho mpaka likawa si shati tena, ila weupe tu unaokwenda katikati ya maharage. Nyuma yake sahani ziligongana, na mtu alikuwa anaita mwenye nyumba aje aketi, chakula chake kinapoa.