Ufunguo wa Mlango wa Nyuma

Baba alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma wa kiwanda cha kufulia mashuka, na miaka yote aliyofanya kazi ya boila aliuona ufunguo ule kama cheo. Wenzake walipita lango la mbele saa moja asubuhi, wakaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Yeye aliingia kungali giza, akawasha moto, ili wakifika wakute mvuke umeshapanda. Kidole hakuweka, maana mashine ilikuwa langoni na lango lilikuwa bado limefungwa. Walimwita Mzee Mvuke.

Ufunguo alipewa na msimamizi, mume wa shangazi yangu. "Shemeji, huu si wa kila mtu," alimwambia, na baba akauvaa shingoni kama hirizi. Malipo ya saa zile za alfajiri, msimamizi alisema, yanashughulikiwa. Baba hakuuliza tena. Angemdai vipi mtu anayekula naye sahani moja?

Alipostaafu, hesabu yake ya mwisho ilianzia saa moja asubuhi. Alfajiri zote hazikuwemo. Akaenda mahakama ya kazi akiwa na tegemeo moja tu: shemeji atasema. Mama alimkumbusha kwamba damu ni nzito kuliko maji, na shemeji si damu. Baba akacheka, akasema mama amezoea kubonyeza nyanya sokoni, sasa anabonyeza na watu.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni ikilalamika juu yetu. Nilikaa nyuma ya baba, nikaona kola ya shati ambayo mama aliirudia kuipiga pasi. Shemeji alisimama kutoa ushahidi bila kugeuka upande wetu. Wakili wa kiwanda akamuuliza: mtu wa boila alikuwa akiingia saa ngapi?

"Saa moja, kama wengine. Kabla ya saa moja hakuna mtu kiwandani."

Na ufunguo? Akajibu kwamba haujui. Siku ya kuagwa, baba aliurudisha akiwa ameung'arisha kwa majivu, watu wakapiga makofi. Aliyeupokea ni shemeji huyohuyo.

Madai yalitupwa kwa kukosa ushahidi. Siku ya hukumu, kwenye ngazi, shemeji alimshika baba mkono, akanong'ona kwamba naye ana watoto, na mkubwa wake kiwandani alikuwa ameshatishia kumfukuza kazi. Baba aliutazama ule mkono mpaka ukaondoka wenyewe.

Tangu baba astaafu, boila ilikuwa ikisumbua, na shemeji alikuwa akipiga simu. Baba alikuwa akimwelekeza kutoka nyumbani: funga hiki, fungua kile, ngoja ikohoe. Mama aliiita kazi ya bure juu ya kazi ya bure.

Siku chache baada ya hukumu simu ililia alfajiri. Baba alikuwa ameketi sebuleni, amevaa viatu. Mwili wake haukuwa umeambiwa kwamba umestaafu. Simu yake ina sauti kubwa, nikasikia yote.

"Shemeji, mvuke umegoma. Mashuka ya hospitali yanasubiriwa."

"Uko wapi?"

"Niko hapa kiwandani."

Baba akaitazama saa ya ukutani.

"Haiwezekani," akasema taratibu. "Kabla ya saa moja hakuna mtu kiwandani."

Akakata, akaiweka simu mezani. Hakucheka. Ikalia tena, ikalia sana, naye akabaki ameketi, vidole vikijizungusha juu ya goti: funga hiki, fungua kile.