Sili za Bikizee

Hakuna aliyewahi kutoka kwenye kaunta ya Méthode amenuna, na yeye alijisifia hilo. Mrundi huyu wa mtaa wa Sydenham alikuwa mtunza stoo katika bohari moja ya Mobeni iliyohifadhi vipuri vya meli za ugavi za jeshi la majini, zile zinazopelekea manowari mafuta, maji na chakula.

Kila meli ilikuwa na rafu yake. Sasa, meli iliyo safarini ina kelele: ikikosa beringi moja, simu hailali. Meli iliyolala gatini kusubiri matengenezo hainung'uniki. Ndipo ikazuka desturi ya kuazima. Kipuri kinatolewa kwenye rafu ya iliyolala, kinapewa yenye haraka, kisha kinaagizwa kingine. Wakubwa walijua, wakafumba macho.

Iliyolala kuliko zote ilikuwa meli moja kuukuu ambayo watu wa bohari waliiita Bikizee. Fundi wake alikuwa Apollinaire, Mkongo wa Queensburgh, baba wa ubatizo wa Lyse, binti ya Méthode. Alikuwa kibarua wa meli hiyo tu. Bikizee ikitoka bandarini kwa injini zake yenyewe, angeajiriwa moja kwa moja. Ikishindwa, kazi hana.

"Papa Lyse, zile sili za pampu zimefika?" aliuliza kila alipopita.

"Bado, ndugu. Iko njiani."

Zilikuwa zimefika, zile pete za mpira za kuzuia pampu isivuje. Asubuhi ile ile zilipofika, meli nyingine ilizililia, na Méthode akazitoa kwa mkono wake. Akaagiza nyingine, sikatai. Zilipokuja, akaziazima tena. Asisingiziwe wizi, maana hakuuza hata skrubu. Alipenda tu kuonekana mwema, na Apollinaire ni mtu wa nyumbani, angeelewa. Ndivyo tulivyo! Wageni tunawapakulia nyama, watu wetu tunawaambia wavumilie mchuzi.

Kumbe Apollinaire hakuwa na muda wa kuvumilia. Wakaguzi walipopanda melini, walikuta pampu ya kupozea injini ingali wazi, imefunikwa turubai. Hawakutaka maelezo marefu. Waliandika kwamba meli haifai kungojewa, ikauzwa iwe chuma chakavu. Siku matagi, zile boti za kukokota meli, yalipoivuta kutoka bandarini, Apollinaire alisimama gatini na mkoba wake wa spana, akaitazama mpaka ikapotea. Méthode alikuwa kando yake. Akamshika bega.

Kibarua kikaota nyasi. Apollinaire akaamua kuhamia Cape Town kwa dada yake, Henriette, ili ajaribu upya. Méthode aliumia, tena sana. Alijiapiza kwamba Jumapili ya mwisho, ibada ikiisha, atamvuta pembeni amweleze yote, hata kama undugu utavunjika.

Lakini kanisani kwao msafiri haondoki kimya. Huitwa mbele, akawashukuru waliomfaa. Apollinaire alipopewa maikrofoni, alikohoa kidogo.

"Miye niko na mutu moja tu wa kushukuru," alisema. "Ile bateau, Bikizee ile, batu bote baliiacha. Eish, hata ba-chef. Papa Lyse peke yake alipigania pièce zake za pampu mpaka mwisho. Vraiment, Mungu amubariki. Papa Lyse, simama bakuone!"

Vigelegele vikapasuka. Méthode alibaki amekaa. Lyse, kando yake, alikuwa akimtazama kwa fahari ambayo baba hakuwahi kuiona machoni mwa mtoto huyo.

"Papa, simama," alinong'ona, akimvuta mkono.

Méthode akasimama. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akazipokea shukrani.