Ndoto zinakuja yeye yuko kazini

Saa kumi alfajiri. Mtaa mzima umelala fofofo, na Mama Hamira amezamisha mikono kwenye unga hadi viwiko. Anakanda, anapindua, anakanda tena. Kisha analifunika donge kwa kitambaa chenye unyevu na kuliacha liumuke.

"Hili usiliguse," anamwonya mwandishi. "Ukilikatiza kabla ya wakati wake, mkate unatoka mgumu kama kandambili."

Yeye mwenyewe hukatizwa usingizi kila siku. Jina lake la utani amelipata hapa hapa kwenye tanuri la mikate, mwaka wa tisa sasa. Hulala saa tatu usiku, wanawe wawili wakishanyamaza, na saa saba yuko njiani kuja kazini. Mshahara unatosha kodi ya chumba na ada ya shule. Ukibaki, labda sabuni.

Lakini si uchovu uliompeleka zahanati. Mumewe, dereva wa lori, alifariki mwaka jana, na tangu hapo hajamwota hata mara moja.

"Uso ninao, picha ipo ukutani," anasema. "Sauti ndiyo inaniponyoka. Juzi nimekaa nijikumbushe alivyokuwa akiniita, nikasikia redio ya jirani tu."

Muuguzi, mama mtu mzima asiye na haraka, alimweleza kwa lugha nyepesi. Usingizi una hatua, na hatua hizo hujirudia hadi asubuhi. Kwanza mang'amung'amu, sikio moja bado liko mlangoni. Baadaye unakuja usingizi wa pono, ambamo mwili hujikarabati. Ndoto nyingi huja mwishoni, kunapokaribia kucha, na inaaminika ndipo ubongo hupanga kumbukumbu na kupoza machungu.

"Kwa hiyo mimi pono napata, ndoto zinanikuta nimeshaondoka," alimjibu. "Zangu zote zimeishia kule kwenye unga."

Muuguzi alicheka. Yeye hakucheka.

Mwezi uliopita tanuri liliharibika, akalala mpaka jua kali. Aliamka mikono mitupu, bila ndoto. Muuguzi akamwambia mwili ulionyimwa usingizi hutangulia kuziba pengo la usingizi mzito. Ndoto zingejazia usiku uliofuata, au wa tatu. Usiku uliofuata tanuri lilikuwa limeshapona.

Kinachomchoma zaidi ni wifi yake, wanayeishi naye chumba kimoja, anayelala hadi kunakucha. Huyo humwota kaka yake kila mara.

"Mume wangu, lakini anamtembelea mwingine," Mama Hamira anasema. Wivu wake haufichi. "Afadhali angekuwa mke mwenza, ningejua pa kuanzia."

Mpango wake ni kuomba mapumziko ya siku tatu mfululizo. Mara mbili ameomba, mara mbili amenyimwa.

"Nikisema nataka kuota, bosi atanifukuza. Safari hii nitasema mama anaumwa, Mungu amrehemu huko aliko."

Saa sita mchana anafika nyumbani. Wifi anaosha vyombo mlangoni.

"Kaka kaja tena alfajiri," anasema bila kuinua uso. "Kakuulizia."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia uko kazini."

Mama Hamira anabandua unga uliokauka kwenye kucha zake.

"Akija kesho, wifi, mwambie asichoke kuuliza."